Springi ya Nyuma Kushoto

Wenzangu wa chumba cha walimu, na wewe jirani uliyenikuta Jumapili jioni nimekaa kwenye ngazi na viatu mkononi, mmeniuliza yaliyonipata, na kila mmoja nimempa kipande chake. Nimechoka kusimulia. Naandika yote mara moja, kisha mniache nisahihishe mitihani. Kurudi tulirudi kwa lami ya Usa River, na hapo hakuna cha kueleza. Cha kueleza ni kwenda, na kwa nini nyumbani kwangu kuna mkanda wa punda ambao Jumamosi ijayo lazima niurudishe kwa mwenyewe.

Kijenge mpaka Olmotonyi

Shangazi Aikande ni dada mkubwa wa marehemu baba yangu. Kwao, kwetu, ni Machame, ila aliolewa Olmotonyi na mtu wa misitu, akazeekea hapo. Ana mdogo wake, shangazi yangu Manka, aliyeolewa Ngarenanyuki, upande wa pili kabisa wa Mlima Meru. Hawajasemezana miaka kumi na miwili. Mume wa Manka alipofariki, Shangazi hakwenda kuzika. Alituma salamu kwamba barabara ni mbaya. Manka naye akajibu kwamba kama sababu ni barabara, basi na ikae hivyo hivyo mbaya mpaka mmoja wao afe.

Sasa Shangazi alisikia kwamba Jumapili Manka anahamishwa kwenda kwa mwanawe Mbeya, moja kwa moja, kwa kuwa macho yamemwisha nguvu na hawezi kukaa peke yake. Shangazi ana miaka themanini na ushei na nyonga mbovu. Mbeya hafiki. Alinipigia simu Ijumaa akaniambia nije na gari alfajiri. Hakuniuliza kama nina nafasi.

Gari langu mnalijua, maana ni ninyi mliocheka wanafunzi walipolibatiza Ghorofa. Nililinyanyua mwaka huu, nikaweka springi ndefu na shokapu ndefu, nikisema ni kwa ajili ya njia mbaya. Ukweli ni kwamba nilitaka lionekane. Mwalimu wa fizikia mwenye miaka hamsini na mbili na mvi, nikipita Kijenge nilikuwa natazama kivuli cha gari langu ukutani.

Nilitoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Hadi Ngaramtoni hakuna kilichonichelewesha isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa anavusha ng'ombe mmoja kana kwamba anavusha mia.

Olmotonyi

Nilikuta Shangazi keshavaa, kitenge cha kanisani na sweta juu yake, amekaa uani. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akatazama gari kuanzia chini kwenda juu, taratibu, akaniuliza hicho ni kitu gani.

Nikamwambia ni gari lile lile la siku zote, nimelinyanyua tu.

Akauliza limekosa nini hata linyanyuliwe. Nikamfungulia mlango. Tulijaribu kumpandisha, mimi nikisukuma kwa heshima na yeye akivuta kwa hasira, haikuwezekana. Mwishowe akaagiza kigoda chake cha jikoni, kile cha miguu mitatu anachokalia akimenya ndizi. Akakikanyaga, akapanda, akaniambia kigoda nacho kinasafiri.

Kabla ya hapo tulikuwa tumekula, maana kwake huondoki na tumbo tupu. Tulikula mtori mzito wa ndizi na chai ya maziwa, na aliponiona natazama saa akaniongezea bakuli. Kisha alikwenda mwenyewe kwenye ua wa nyumba, akijivuta na mkongojo, akachuma jani moja la sale. Kwa wasiojua mila yetu, sale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani. Ukimkosea mtu, unachuma jani la sale, unalifunga fundo, unampelekea mkononi. Mwenye kupelekewa sale hapaswi kukataa msamaha. Lakini lazima upeleke mwenyewe, usimame mbele yake, na useme ulichokosea. Shangazi alilifunga lile jani fundo, akaliweka mapajani, na safari nzima hakuliachia.

Nikamwambia tushuke mjini, tushike Usa River, tupite hifadhini, na kabla ya saa tano tutakuwa kwa Manka tunakunywa chai.

"Hapana," akasema. "Mimi nilimwambia barabara ni mbaya. Nitakwenda kwa barabara hiyo hiyo niliyoisingizia."

Barabara hiyo ni ile ya kuzunguka mlima kwa nyuma, kupitia Oldonyo Sambu. Nilijaribu kubishana kidogo, halafu nikawasha gari.

Lami inapoishia

Oldonyo Sambu tuliiacha lami, tukakunja kulia, mlima ukawa upande wetu wa kulia na vumbi pande zote. Huko nyuma ya Meru mvua hazifiki sana, lakini zikinyesha mlimani maji yote hupita huko, na kila mkondo umechimba korongo lake. Barabara inashuka korongoni, inapanda, inapumzika kidogo, inashuka tena. Mimi nilikuwa nazungumza, namweleza jinsi gari lililonyanyuliwa linavyopita mahali ambapo mengine yanakwama.

Kwenye korongo la kwanza la maana, gurudumu la nyuma kushoto likashuka kwenye shimo na kubaki linaning'inia. Nikasikia mlio wa chuma, mmoja tu. Tulipopanda upande wa pili gari lilikuwa limeegemea kushoto, na kitu kilikuwa kinasaga.

Nilishuka nikalala chini. Springi ilikuwa imetoka.

Niwaeleze kidogo, nyie wa lugha na historia. Springi ya koili haijashikiliwa na mengi. Imekaa. Chini imekaa kwenye kikombe juu ya ekseli, juu imeingia kwenye kikombe kingine cha chasisi, na uzito wa gari ndio unaoibana. Zamani shokapu zangu zilikuwa fupi, kwa hiyo ekseli haikuweza kushuka mbali. Sasa shokapu ni ndefu, gurudumu likining'inia ekseli inashuka kuliko urefu wa springi yenyewe, springi inabaki haibanwi na kitu, na ukitikisika kidogo inaruka nje ya kikombe chake. Yangu ilikuwa imeinama pembeni, inasugua tairi.

Nilimlaani fundi aliyelinyanyua. Nilimlaani kwa sauti, kwa jina lake na la gereji yake, nikamweleza Shangazi kupitia dirishani kwamba vijana wa siku hizi hawajui kumaliza kazi.

Kurudisha springi si kazi ngumu kwa mwenye jeki ya kutosha. Jeki yangu ilikuwa ya gari kabla halijawa Ghorofa. Niliizungusha mpaka mwisho, haikugusa chasisi. Nikapanga mawe, mawe yakateleza. Shangazi akauliza kuna shida gani, nikamwambia jeki ni fupi. Akanielekeza kigoda. Nikamwambia hapana, akanielekeza tena. Nikaweka jeki juu ya kigoda cha kumenyea ndizi, gari likapanda, ekseli ikaning'inia, nikaisukuma springi kwa mguu mpaka ikaingia. Mguu mmoja wa kigoda ulipata ufa.

Kisha nikatoa futi ya kupimia na daftari. Nilitaka kujua ekseli inashuka sentimita ngapi, ni tabia yangu. Nilipoinua kichwa nilikuta watu wanane wamesimama wananitazama, mmoja ana fimbo na blanketi jekundu begani, wengine wana majembe.

Walidhani mimi ni mtu wa barabara. Gari refu, futi, daftari, mtu mwenye mvi amelala chini anaandika namba, ungesema nini? Yule mzee wa blanketi akanikaribisha kwa hotuba. Alianza na kalvati lililosombwa, akaja kwenye mama aliyejifungulia kwenye trekta, akamalizia na wale waliokuja kabla yangu, ambao nao walipima na kuondoka. Nilimwambia mimi ni mwalimu. Akasema hata wale wa kwanza walisema wao si watu wa barabara. Akanitaka niandike.

Niliandika. Ningefanyaje? Nilitembezwa kuona kalvati mbili na shimo moja, Shangazi akiwa juu kwenye kiti chake analetewa loshoro kwenye kikombe, mahindi na maziwa mgando, akiamkiwa na kila mtu. Saa nzima na zaidi ilipita hapo. Tuliagwa kwa heshima ambayo sikustahili, na daftari hilo ninalo bado, sijui nilipeleke wapi.

Korongo la pili

Halikuwa refu kama la kwanza. Nilishuka polepole mno, nikishika pumzi. Mlio ukaja ule ule.

Safari hii sikulaani mtu. Nilikaa chini kwenye mchanga, jua la saa nane likiwa kichwani, nikahisi kuchoka kuanzia kisiginoni. Nilimwambia Shangazi kwamba turudi, tulale kwake, kesho alfajiri tupite Usa River. Aliniuliza Manka anaondoka saa ngapi. Nikasema alfajiri.

Nikalala tena chini ya gari, na nilipokitazama kile kikombe cha ekseli nikaona matundu mawili ya boliti, matupu. Hapo nikakumbuka.

Mmekuja mezani kwangu nyote. Mmeviona vile vibati viwili vya chuma ninavyokandamizia karatasi za kidato cha tatu feni ikiwashwa. Mmoja wenu aliwahi kuniuliza nimevitoa wapi. Ni vibati vya kubana springi chini, kwenye kikombe, isiruke. Fundi alinikabidhi mwenyewe. Aliniambia boliti zake zimekatika, nimletee mpya Jumatatu avifunge, na nisiende mbali kabla ya hapo. Mimi Jumapili nilitaka kuonekana kanisani na gari langu refu. Jumatatu sikwenda, wala wiki iliyofuata. Nikaona vizito, vimetulia vizuri juu ya karatasi, basi.

Nilitoka chini ya gari nikamwambia Shangazi. Nilimwambia yote, na vibati, na kanisa, na kwamba fundi niliyemtukana tangu asubuhi hana kosa. Niliona aibu sana, maana ni mimi ninayewafundisha watoto nguvu na kani.

Shangazi alilizungusha lile jani mapajani.

"Hata mimi barabara haikuwa na kosa," akasema. "Siku ya mazishi ilikuwa kavu. Lori la waombolezaji lilisimama mlangoni kwangu, dereva akapiga honi mara tatu. Nilikuwa ndani, nimevaa tayari."

Nikamuuliza kwa nini hakutoka. Akasema shemeji yake aliugua miezi minne na Manka hakumwambia. Alikuja kusikia sokoni Ngaramtoni, kwa mwanamke wa vitunguu ambaye hata jina lake halijui. Akakasirika kwamba mgeni amejua kabla yake. Akasema alidhani hasira ile ingeisha wiki hiyo hiyo.

Niliweka jeki juu ya kigoda, gari likapanda, springi nikairudisha, na nilipokuwa nashusha, kigoda kikapasuka katikati. Kiliishia hapo. Nikaviokota vipande nikaviweka nyuma ya kiti, sikuwa na ujasiri wa kuviacha.

Lakini mbele kulikuwa na makorongo mengine, na jeki haikuwa na cha kukalia tena. Springi ikitoka mara ya tatu, ndio mwisho.

Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyekuwa anapita na punda wanne, anatoka kupeleka nyanya. Alijitambulisha kuwa ni Namayani. Alimwamkia Shangazi kwanza, akimwita koko, yaani bibi, kisha akachuchumaa kando yangu akauliza mnyama anaumwa nini. Nikamweleza kwa mikono: huyu wa chini akishuka sana anaachana na wa juu, na kilicho katikati kinaanguka.

Akacheka kidogo, akasema hata punda yuko hivyo. Akishuka mteremko, mzigo unaachana na mgongo. "Humfungi mgongoni," akasema. "Unamfunga tumboni."

Akamvua punda mmoja mkanda wa tumbo, ngozi ya ng'ombe iliyosokotwa, ngumu, inanuka jasho. Tuliupitisha chini ya ekseli na juu ya chasisi, gari likiwa limekaa na uzito wake wote, tukaacha nafasi ya vidole vinne tu, akakaza fundo kwa meno. Sasa gurudumu lingening'inia, lakini ekseli isingeshuka zaidi ya pale springi inapofika. Ni jambo ambalo ningeweza kuliandika ubaoni kwa mishale mitatu. Sikuwa nimeliwaza.

Nilimuuliza yeye atafanyaje bila mkanda. Akasema punda huyo atarudi bila mzigo, na kwamba Jumamosi huwa anapita hapo hapo. Akaondoka zake na wanyama wake, hata jina langu hakuuliza.

Ngarenanyuki

Makorongo yaliyobaki sikuyahesabu. Gari lilikuwa linagonga nyuma kama linapigwa nyundo, tukaenda mwendo wa mtu anayetembea, na kila tulipoibuka upande wa pili nilisimama, nikashuka, nikachungulia. Springi ilikuwa imekaa. Shangazi alianza kuniuliza kabla sijafungua mlango: "Imekaa?" Namjibu imekaa. Ndiyo mazungumzo yetu ya saa mbili zile.

Tulifika jua likiwa limeanza kupoa, mashamba ya nyanya pande mbili na maji ya mifereji yanasikika. Nyumba ya Manka ilikuwa na mabegi matatu barazani, yamefungwa kwa kamba, na godoro limekunjwa. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kochi pekee lililobaki nje, akatutazama kwa macho yanayotafuta.

Nilishuka, nikampa shikamoo, nikajitaja jina na jina la baba yangu. Akaitikia. Akauliza ni nani yuko kwenye gari. Nikamwambia. Akasimama, akaja taratibu mpaka karibu na mlango wa gari, akainua uso.

Hapo ndipo nilipokumbuka kigoda. Shangazi alikuwa kule juu, jani mkononi, na hakuna namna ya kushuka. Sale haitolewi ukiwa umekaa juu kuliko unayemwomba. Alijaribu kuuteremsha mguu, ukaning'inia hewani, akaurudisha. Nilimsogelea nimbebe, akanisukuma bega. Nilijuta kila sentimita niliyoliongezea lile gari.

"Mmepita wapi?" Manka akauliza.

"Kwa nyuma," Shangazi akasema. "Oldonyo Sambu."

Manka akapapasa ubavu wa gari, akaangalia vidole vyake vilivyojaa vumbi. Akainama, akaona kwa karibu ule mkanda wa punda uliofunga ekseli, akaugusa. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba basi kumbe ni kweli, barabara ni mbaya, na kwamba labda miaka yote hii amemwonea dada yake.

Jamani, njia ya kukwepa ilikuwa wazi. Shangazi angeweza kunyamaza tu. Mimi mwenyewe, kwa uchovu niliokuwa nao, nilimwomba Mungu amnyamazishe.

"Siku ile ilikuwa nzuri, Manka," akasema. "Lori lilinipitia. Nilikuwa nimevaa. Nilikaa tu ndani."

Manka akajinyoosha, mkono mmoja kiunoni.

"Najua," akasema. "Dereva aliniambia siku hiyo hiyo, kaburini. Nilikuwa nasubiri uniambie wewe."

Akageuka. Akapanda barazani akishika ukuta, akapita kati ya mabegi yake, akaingia ndani. Mlango ukabaki nusu wazi. Shangazi hakunitazama. Mimi nikasimama pale na mikono yangu yenye grisi, nikijua kwamba tumekuja umbali wote ule na tumeshindwa hatua moja.

Tulisikia kitu kikiburutwa, kamba ikifunguliwa, vyombo vikianguka. Alikuwa anafungua mzigo uliokwisha fungwa. Manka akatoka na kigoda, cha miguu mitatu, cheusi kwa moshi, cha mama yao. Hakutaka nimsaidie. Alikibeba mwenyewe mpaka kwenye mlango wa gari, akakiweka chini, akakitikisa kwa mkono kuona kama kimekaa vizuri, akamshika dada yake kifundo cha mguu akauongoza mguu wake mpaka ukakikanyaga.